WordPress, Wix, Shopify au Google na WhatsApp: tovuti ya biashara ndogo uijengee wapi?

Ukiuliza utumie nini kutengeneza tovuti ya biashara, jibu litategemea umemuuliza nani. Fundi wa WordPress atakwambia WordPress. Kijana aliyetoka kwenye kozi ya kuuza mtandaoni atasema Shopify, maana kozi nzima ilikuwa ya Shopify. Rafiki aliyejitengenezea ukurasa wa saluni yake mwisho wa wiki atasema Wix. Jirani wa dukani naye atakushauri uachane na hayo yote, uweke picha kwenye status za WhatsApp, wateja watakuja. Wote wanne wanasema kweli, ila kila mmoja anaisemea biashara yake.

Nimeziweka njia hizo pamoja: WordPress unayoipangia hosti mwenyewe (hosti ni kampuni inayokukodishia mahali pa kuhifadhi tovuti), Wix ya kujijengea kurasa kwa kuvuta na kuweka, Shopify ya maduka ya mtandaoni, na njia ya bure ya kuunganisha Google Business Profile (wasifu wa biashara yako kwenye ramani ya Google), WhatsApp Business na ukurasa mmoja wa Google Sites, kifaa cha Google cha kutengeneza kurasa. Zipo nyingine. Squarespace inafanana na Wix kwa mengi utakayoyasoma hapa, na Blogger bado ni ya bure lakini inamfaa zaidi mwandishi wa makala kuliko muuzaji. Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti, nyingi zikiwa za WordPress, kwa hiyo nisome ukijua hilo.

Maswali ninayoyapima ni matano. Gharama ya mwaka mzima ni kiasi gani, ukiacha bei ya kuvutia ya mwezi wa kwanza? Nani ataigusa tovuti baada ya fundi kuondoka? Pesa ya mteja inaingiaje? Ukurasa unafunguka vipi kwenye simu ya kawaida yenye bando dogo? Na siku ukitaka kuhama, unaondoka na nini?

Kwanza domeini, iwe jina lako

Hili halitegemei njia utakayochagua. Jina la tovuti, liwe la .co.tz, .co.ke au .com, lisajiliwe kwa jina la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe na kwa namba yako ya simu. Mara nyingi fundi hulisajili kwa barua pepe yake ili kazi iende haraka. Miaka miwili baadaye amepata ajira, namba haipatikani, domeini imeisha muda, na mwenye duka anaambiwa na msajili kwamba yeye si mmiliki. Domeini ya .co.tz kwa kawaida ni makumi machache ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Ilipie mwenyewe, tena kwa miaka miwili au mitatu kama unaweza, kisha mpe fundi ruhusa ya kuitumia. Ukiwa na domeini yako mkononi, mengine yote yanarekebishika.

Gharama ya mwaka mzima

WordPress yenyewe ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003, na leseni yake ni huria. Unalipia hosti, domeini, na pengine themu (mwonekano wa tovuti) au plagini (programu ya nyongeza) moja mbili. Hosti za hapa nyumbani huuza kwa mwaka, hupokea pesa za simu, na ukipiga simu anapokea mtu wa kuelewana naye kwa Kiswahili. Hosti za nje hutangaza bei ndogo kwa mwaka wa kwanza, halafu bei ya kuhuisha inapanda mara mbili au zaidi. Tafuta bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa; ipo, ila kwa maandishi madogo. Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo lolote ni ya fundi: kujenga, na baada ya hapo kutunza.

Wix ina mpango wa bure, lakini anwani yake inabaki chini ya wixsite.com na tangazo la Wix linakaa kwenye ukurasa wako. Kwa biashara hilo halipendezi. Kwa bei zinazotangazwa Marekani, mpango wa kuanzia wenye domeini yako umekuwa ukizunguka dola 17 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, na unaokuruhusu kupokea malipo karibu dola 29. Zidisha mara kumi na mbili: hiyo 29 inakuwa dola 348 kwa mwaka. Fundi si lazima, na hapo ndipo Wix inaporudisha sehemu ya pesa hiyo.

Shopify Basic imekuwa dola 39 kwa mwezi, au 29 ukilipia mwaka. Bei huweza kutofautiana kwa nchi, kwa hiyo angalia ukurasa wao ukiwa hapa ulipo. Kinachowashtua wengi ni programu za nyongeza. Unataka maoni ya wateja yenye picha, programu. Unataka kuuza kwa seti, programu nyingine, na nyingi zina ada yake ya mwezi. Duka lililoanza kwa dola 29 linaweza kufika 70 kabla mwenyewe hajashtuka.

Wix na Shopify wote wanakata dola kwenye kadi. Shilingi ikishuka, ada yako inapanda bila barua yoyote. Kadi ikikwama, Shopify itajaribu tena mara chache kisha itaufungia mlango wa duka mpaka ulipe. Ukichagua mojawapo, tenga kadi ya malipo ya mtandaoni yenye salio kwa kazi hiyo tu.

Njia ya Google na WhatsApp haina ada. Inakula muda wako na bando.

Nani ataigusa?

Tovuti nyingi ndogo huanza kufa miezi michache baada ya kuzinduliwa, kabla hata ya kukosa pesa. Bei zimebadilika, mfanyakazi aliyekuwa na neno la siri ameacha kazi, na picha za mwaka mpya bado zipo mwezi wa tisa. Kwa hiyo jiulize, kwa jina kabisa, ni nani atakayeingia kubadilisha bei ya bidhaa moja siku ya kazi mteja akiwa amesimama kaunta.

Kwenye WordPress, mhariri wa vipande uliokuja na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018 umerahisisha kazi hiyo. Anayeweza kuandika barua kwenye Word anaweza kuhariri ukurasa. Mzigo upo nyuma ya pazia: themu na plagini zinataka kusasishwa, na matundu mengi ya usalama hutokea kwenye plagini zilizoachwa. Dalili moja ya kuvamiwa ni ya ajabu kidogo. Unatafuta jina la duka lako Google, unakuta chini yake mamia ya kurasa za Kijapani zinazouza mikoba bandia, na wewe ukifungua tovuti huoni kitu. Wavamizi wanaificha kwa mwenye nyumba na kuionyesha kwa Google. Kinga yake haina maajabu: sasisha kila wiki, futa plagini usizotumia, na weka nakala rudufu mahali tofauti na hosti. Kama hakuna mtu wa kufanya hayo, iwe ni wewe au fundi kwa malipo ya mwezi, WordPress itakugeuka.

Wix inakutunzia usalama na masasisho. Unavuta kitu unakiweka unapotaka, na uhuru huo una bei yake: kwenye mhariri wake wa kawaida, mpangilio wa simu unaupitia kivyake, na wengi wanasahau. Kompyutani ukurasa unapendeza, kwenye simu kitufe cha "Agiza" kimekaa juu ya picha. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba kiolezo ulichoanza nacho huwezi kukibadilisha baadaye bila kuanza upya. Sasa Wix na wenzake wanakutengenezea tovuti nzima kwa akili mnemba ukijibu maswali machache. Mpangilio unaotoka ni mzuri. Maneno yake yafute yote. Hakuna mteja wa Buguruni anayetafuta "suluhisho bunifu za kipekee kwa mahitaji yako".

Shopify ndiyo inayoshika vizuri kazi ya kila siku ya duka: stoki, oda, saizi, rangi, risiti, na programu ya simu inayokuonyesha kila kitu ukiwa kwenye daladala. Ila ukitaka kurasa nyingi za maelezo, kama kampuni ya utalii yenye njia sita za kupanda Kilimanjaro, utahisi umevaa nguo ya mtu mwingine.

WhatsApp Business anaigusa yeyote aliyeshika simu. Katalogi inabeba hadi bidhaa 500, na kubadilisha bei ni sekunde chache. Tatizo ni simu yenyewe: iko kwa nani, ikiibiwa inakuwaje, na namba ni ya duka au ya shemeji aliyekuwa anasaidia? Sajili laini kwa ajili ya biashara, washa uthibitisho wa hatua mbili, na usiazime.

Pesa inaingiaje?

Hapa ndipo ulinganisho mwingi ulioandikwa kwa wasomaji wa Marekani unapotuacha. Wao hudhani mteja ana kadi na duka linapokea kadi, basi. Mteja wa Mbagala au wa Eastleigh akikutana na "weka namba ya kadi" anafunga ukurasa. Anachotaka ni aandike namba yake ya simu, simu iwake, aone jina la biashara na kiasi, aweke namba ya siri, amalize. Kenya wanaiita STK push, na Safaricom wanawapa mafundi mlango wa kuiunganisha unaoitwa Daraja. Tanzania mitandao nayo ina namna hiyo, lakini biashara ndogo nyingi hupita kwa kampuni inayounganisha M-Pesa, Airtel Money, wengine na kadi kwa pamoja. Kampuni hizo zitakuomba usajili wa biashara, TIN au KRA PIN, na akaunti ya benki. Anza kukusanya karatasi kabla ya kuanza kujenga, kwa sababu uhakiki unaweza kuchukua muda mrefu kuliko tovuti yenyewe.

WordPress ina nafasi pana zaidi hapa. Duka lake hujengwa kwa WooCommerce, plagini ya bure ambayo tangu 2015 iko chini ya Automattic, na kampuni za malipo za ukanda huu, Pesapal ikiwa mojawapo, zimetengeneza plagini za kuiunganisha. Hakuna anayekata asilimia juu ya mauzo isipokuwa kampuni ya malipo.

Shopify ina mfumo wake wa malipo, Shopify Payments, ambao Tanzania, Kenya na Uganda haupo. Ukitumia kampuni nyingine ya malipo, kwenye mpango wa Basic Shopify wanakata asilimia 2 ya kila mauzo, juu ya kile kampuni ya malipo inachokata. Gauni la shilingi 60,000 linawapa 1,200. Duka linalouza milioni tano kwa mwezi linawapa laki moja kila mwezi, mbali na ada. Kuna njia ambayo wengi hawaijui: malipo ya mkono, kama kulipa wakati wa kupokea mzigo au kulipa kwa Lipa Namba ambayo umeiandika wewe mwenyewe kwenye maelekezo, hayakatwi asilimia hiyo. Mteja anaweka oda, anaona namba ya kulipia, analipa, wewe unakagua na kuweka alama kwamba amelipa. Kwa oda kumi kwa siku inawezekana. Kwa oda mia utahitaji mtu wa kukaa nazo.

Wix nayo ina mfumo wake ambao huku haupo, na ina orodha ya kampuni za nje inazoungana nazo kwa kila nchi. Fungua akaunti ya bure, weka nchi yako, tazama orodha hiyo kabla hujatoa hata dola moja. Usipoipenda, malipo ya mkono yapo pia.

Kwenye WhatsApp malipo ni mazungumzo. Linki ya kuweka chini ya kila picha, kila tangazo na kwenye Google ni hii: wa.me, mkwaju, kisha namba yako ikianza na 255 au 254 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ukiongeza ?text= na maneno, mteja anafika akiwa na ujumbe ulioandikwa tayari, mfano "Habari, naulizia kitenge namba 14". Hapo tayari unajua anataka nini. Kuwa makini na picha ya muamala anayokutumia. Kutengeneza ujumbe bandia wa malipo ni rahisi mno, kwa hiyo mzigo utoke baada ya wewe kuona salio lako, na asikuharakishe na bodaboda aliyemtuma mlangoni.

Wenye wageni kutoka nje hesabu yao ni tofauti. Gesti ya Jambiani inataka amana ya kadi kabla mgeni hajapanda ndege, na mgeni wa Ujerumani hawezi kulipia Lipa Namba. Kwao swali ni kampuni ipi itawapokelea Visa na Mastercard na kuweka pesa benki hapa. Na Mswahili aliyeko London au Toronto anayeuza khanga kwa wenzake wa ughaibuni anaweza kutumia Shopify Payments bila shida, kwa hiyo udhaifu mkubwa wa Shopify kwake haupo.

Uzito kwenye simu ya mteja

Picha ndiyo inayochelewesha tovuti nyingi za biashara ndogo. Simu ya kawaida leo inapiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti tatu nne. Weka kumi hizo kwenye ukurasa wa kwanza, mteja amekula megabaiti 30 hadi 40 za bando lake kabla hajaona bei. Chukua picha hiyo hiyo, ifungue kwenye Squoosh, kifaa cha bure kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, punguza upana uwe 1,200, chagua WebP, aina nyepesi ya faili la picha, shusha ubora mpaka kwenye 75 hivi. Mara nyingi inashuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti.

Wix na Shopify wanafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo wenyewe. WordPress hutengeneza saizi ndogo za kila picha lakini haibadilishi kuwa WebP bila plagini. Upande wa pili, WordPress yenye themu nyepesi inaweza kuwa na kasi kuliko wote, na yenye themu iliyojaa maonyesho na plagini thelathini inaweza kuwa ya mwisho. Shopify huanza ikiwa nyepesi, kisha kila programu ya nyongeza inaongeza uzito wake. Wix inabeba mizigo yake mwenyewe ambayo huwezi kuitoa, ingawa kwa ukurasa wa kawaida inavumilika. Google Sites haina madoido, na kwa hili ni sifa.

Siku ukihama

Mwezi Machi 2024 Google walizima tovuti zile za bure zilizokuwa zinatengenezwa kutoka kwenye Business Profile. Wasifu wa biashara ulibaki kwenye ramani, tovuti zikaondoka. Waliokuwa na domeini yao walihamisha anwani kwingine wakaendelea. Waliokuwa wanatumia anwani ya Google waliipoteza, pamoja na kila bango na kadi iliyochapishwa nayo.

Kwa WordPress unaondoka na kila kitu: mafaili, hifadhidata, mwonekano. Hosti ikikuudhi, fundi anahamisha ndani ya siku moja. Shopify wanakupa orodha za bidhaa, wateja na oda kwa faili la CSV, linalofunguka kama jedwali, lakini mwonekano unabaki kwao. Wix hairuhusu tovuti yenyewe kutoka. Maandishi utayanakili na ukurasa utaujenga upya kwingine. Kwa ukurasa wa saluni hilo ni kazi ya siku mbili. Kwa tovuti ya kurasa themanini ni mradi mwingine.

WhatsApp ina hatari yake: namba inaweza kufungiwa, hasa ukianza kutuma matangazo kwa watu wasiokujua. Weka orodha ya wateja na bidhaa mahali pengine pia, hata kama ni kwenye jedwali la Google Sheets.

Vifaa vya kuboresha tovuti uliyo nayo

Hivi ni vya bure, na havishindani, kwa sababu kila kimoja kinajibu swali lake.

Google Search Console inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google hadi wakakuona. Ningekuwa na saa moja tu kwa mwezi ningeitumia hapa. Fundi wa mageti anaweza kukuta wateja wanaandika "bei ya geti la chuma Dar", wakati ukurasa wake wote unasema "huduma bora za ukerezaji na uunganishaji vyuma". Jibu ni kuandika ukurasa wenye kichwa hicho hicho cha wateja, na bei ya kuanzia ndani yake. Inafanya kazi na njia zote zenye tovuti, hata Google Sites.

PageSpeed Insights inapima kasi kwa kujifanya simu ya kiwango cha kati kwenye mtandao wa polepole, ambayo kwetu ndiyo hali halisi. Usihangaike na kufikisha 100. Tazama muda wa kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kuonekana (Largest Contentful Paint). Google wanataka kisizidi sekunde 2.5. Mara nyingi kitu hicho ni picha ya juu, na dawa yake umeshaisoma.

Google Analytics inahesabu wageni na walikotoka, lakini kwa biashara yenye wageni thelathini kwa siku naiona kama mzigo. Microsoft Clarity inafaa zaidi: inarekodi jinsi mgeni anavyotembeza ukurasa, unamwona anabonyeza picha mara nne akidhani itafunguka. Kwenye WordPress, Wix na Shopify inaingia; Google Sites haiipokei. Kwa kuwa inarekodi tabia za watu, iandike kwenye ukurasa wa faragha. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Kwa hali yako

Unaanza, bidhaa hazifiki mia, wateja wako ni wa mtaa na mji: Google Business Profile iliyothibitishwa, WhatsApp Business yenye katalogi, na domeini yako ikielekezwa kwenye ukurasa mmoja wa Google Sites wenye bei, ramani na linki ya wa.me. Kaa hapo mpaka oda zikuzidi.

Unatoa huduma, kama saluni, mkahawa, mpiga picha au mwanasheria, unataka kitu kinachopendeza na huna fundi wala hamu ya kuwa naye: Wix, ukiwa na kadi yenye salio, na uhakikishe unautazama kila ukurasa kwenye simu kabla ya kuuchapisha.

Unauza bidhaa zenye saizi na rangi nyingi, unasafirisha mikoani au nje, na faida yako inaweza kubeba ada ya dola na ile asilimia 2: Shopify. Kama uko Uingereza au Kanada, fikiria hii mapema zaidi.

Una maelezo mengi, unataka kupatikana Google kwa maneno mengi, unahitaji malipo ya simu yanayojikamilisha yenyewe, au kampuni yako ya utalii Moshi inahitaji kurasa za Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani: WordPress, pamoja na makubaliano ya maandishi na fundi kuhusu nani anasasisha na nakala rudufu inakaa wapi.

Tahadhari ya majina: WordPress.com ni huduma yenye mpango wa bure na mipango ya kulipia, inayoendeshwa na Automattic, inayofanana zaidi na Wix kwa namna unavyoitumia. Nilichokuwa nakizungumzia ni programu ya WordPress.org unayoiweka kwenye hosti uliyoikodi. Fundi akikuambia "WordPress", muulize ipi.

Na kama tayari una tovuti, iwe ya aina gani, ila haileti wateja, usihame kwanza. Punguza uzito wa picha, andika bei, weka linki ya WhatsApp juu kabisa ya ukurasa, unganisha Search Console, usubiri miezi mitatu. Maneno utakayoyakuta humo ndiyo yatakayokuambia kama tatizo ni jukwaa, au ni kwamba ukurasa wako hausemi unauza nini.